Kinanda cha Mtunga Maneno

Ikikaribia Krismasi au Pasaka, pita jioni karibu na kanisa lolote lenye kwaya, iwe Dar es Salaam au Moshi, Nairobi au Kisumu, utawasikia watu wakihangaika na Aleluya Kuu. Besi wanaingia kabla ya zamu yao, soprano wanaishiwa pumzi, mwalimu wa kwaya anagonga meza kwa rula na kuwarudisha wote mwanzo. Muulize yeyote pale wimbo huu katunga nani. Atakujibu bila kusita: Handel. Haya, muulize sasa aliyeyapanga maneno yake ni nani. Hapo utasikia kimya.

Jina lake ni Charles Jennens. Nimekaa na habari zake muda mrefu, tangu nilipomaliza shule na kuanza kujidanganya kwamba naandika riwaya, na kila nikisoma zaidi naona kwamba sisi tunaoshika kalamu tunamhusu. Kilichonivuta zaidi si ile Aleluya. Ni kinanda. Mwaka 1749 bwana huyu aliamua kutengenezewa kinanda cha mabomba nyumbani kwake shamba, kidogo, cha safu moja ya vibonyezo, na mtu aliyemwandikia jinsi kiwe alikuwa Handel mwenyewe. Kinanda hicho kipo hadi leo. Lakini ili uelewe kwa nini kinanda kidogo cha nyumbani kiwe na uzito, lazima kwanza nikueleze ugomvi.

Jennens alizaliwa karibu na mwaka 1700 huko Gopsall, katika jimbo la Leicestershire, katikati ya Uingereza. Babu yake alitajirika kwa biashara ya chuma mjini Birmingham, akanunua ardhi, na mjukuu akakuta kila kitu kimeandaliwa. Alisoma Oxford ila hakutoka na shahada, kwa sababu shahada ilidai kiapo na yeye hakutaka kuapa. Aliona wafalme waliotoka Hanover, Ujerumani, hawakuwa na haki ya kiti kile, na kiapo cha kuwatii hakikumtoka mdomoni maisha yake yote. Basi milango ya serikali ikafungwa kwake. Tajiri, msomi, hana kazi, hana mke, mwepesi wa kukasirika. Mwaka 1728 mdogo wake, Robert, alijiua baada ya kuteswa na mashaka ya imani. Baadhi ya waliochunguza maisha yake wanadhani jeraha hilo ndilo lililomfanya miaka kadhaa baadaye akae na Biblia, akichomoa mstari hapa na mstari pale, mpaka akapata Messiah. Mimi naafiki. Mtu hapangi maneno yale kwa kujifurahisha tu.

Handel yeye alizaliwa mwaka 1685 mjini Halle, Ujerumani, akahamia London, na mwaka 1727 akapata uraia wa Uingereza. Alipata fedha na alipoteza fedha. Na kwa kuwa tunaandika historia, sitapita kama sikuona: jina lake limekutwa pia kwenye vitabu vya hisa vya Kampuni ya Kifalme ya Afrika, mwaka 1720, na kampuni ile ilifanya biashara ya watumwa. Mwenye kuimba Aleluya ukanda huu wa dunia anayo haki ya kulijua hilo. Tuendelee.

Jennens alikuwa shabiki kuliko mashabiki. Alilipa wanakili ili apate karibu kila kitu ambacho Handel alikiandika, rafu na rafu za daftari za nota. Halafu akaanza kumwandikia maneno. Wakati ule opera za Kitaliano zilikuwa zimewachosha watu wa London, na Handel akahamia kwenye oratorio, yaani hadithi, mara nyingi ya Biblia, inayoimbwa na waimbaji na kwaya bila mavazi ya maigizo. Jennens akampa hadithi ya mfalme Sauli. Na hapa ndipo kinanda kinaingia kwa mara ya kwanza, lakini kwa dhihaka.

Tarehe 19 Septemba 1738 Jennens alimwandikia barua jamaa yake kijana, Lodi Guernsey. (Lishike jina hilo, tutalihitaji.) Alikuwa ametoka kumtembelea Handel na alichokuta huko kimemuudhi. Kichwa cha Handel, anasema, kimejaa funza kuliko siku zote. Kwa Kiingereza cha wakati ule funza wa kichwani ni yale mawazo ya ajabu ajabu yanayomtambalia mtu bila sababu. Funza wa kwanza ni chombo cha kengele kinachopigwa kwa vibonyezo. Funza wa pili ni kinanda kikubwa alichoagiza kwa fundi mmoja wa Barnet kwa pauni 500, eti kwa sababu ana fedha zimemzidi. Handel alijitetea kwamba kinanda hicho kinapangwa kwa namna ambayo akikaa hapo atawaona na kuwaongoza waimbaji wake vizuri zaidi. Jennens hakushawishika.

Funza wa tatu ndiye mtamu. Ni Haleluya! Handel alikuwa ameichomeka mwishoni mwa kazi, kwa sababu alidhani mwisho haukuwa na fahari ya kutosha. Jennens amewaka. Anasema kama mwisho hauna fahari kosa ni la mwenye muziki, maneno yangeweza kubeba fahari yoyote ambayo angeyapa. Tena Haleluya yenyewe, ingawa ni nzuri, imeingia kipuuzi, haihusiani na kilichotangulia. Na kinachomkereketa zaidi ni kwamba yeye alikuwa ameiweka Haleluya mahali pake, mwishoni mwa kwaya ya kwanza, na Handel akaikataa kwa kisingizio kwamba itarefusha mambo.

Hebu fikiri. Miaka mitatu kabla ya Haleluya mashuhuri kuliko zote duniani, wanaume wawili wanagombana Haleluya ikae wapi. Na mtunga maneno alishinda: Sauli ilipopigwa mwaka 1739 Haleluya ilikuwa imerudi pale alipotaka yeye.

Nimeisoma habari ya barua hiyo mara nyingi. Kuna jambo pale ambalo kila aliyewahi kumwandikia mwenzake maneno ya wimbo analijua. Mimi niliwahi kumwandikia jamaa fulani beti nne za harusi. Siku ya siku nikamsikia anaziimba mbili, ya tatu kaifanya kiitikio, na aliposhangiliwa akainama yeye. Sikusema neno. Jennens alisema, tena kwa kalamu, na kwa hiyo tunajua.

Julai 1741 alimwandikia rafiki yake kwamba amempangia Handel mkusanyiko mwingine wa maandiko na anatumaini ataumiminia akili na ufundi wake wote, kwa kuwa somo lenyewe linapita masomo yote: Masihi. Handel alianza tarehe 22 Agosti akamaliza tarehe 14 Septemba. Siku 24. Watu husimulia hilo kama muujiza. Mwenye maneno alisikia vingine kabisa, kwake siku 24 zilimaanisha haraka na uzembe. Halafu Handel akaufungasha mzigo akaenda nao Ireland, na Messiah ikasikika mara ya kwanza mjini Dublin tarehe 13 Aprili 1742, aliyeyapanga maneno akiwa amebaki nyuma Uingereza. Jina lake halikuwemo hata kwenye kijitabu cha maneno walichouziwa watu. Hilo lakini alilitaka mwenyewe, hakuwa mtu wa kutangaza jina.

Waliporudi kukutana, mambo yakachacha. Jennens alidai sehemu kadhaa zirekebishwe, hasa utangulizi wa vyombo, ambao hakuuona unastahili kusimama mbele ya Messiah. Aliandika barua kali. Mwaka 1743 Handel aliugua vibaya, na Jennens, badala ya kusikitika, alimwambia rafiki yake kwamba barua yake ilichangia kumlaza mzee kitandani, na kwamba bado hajamalizana naye. Ukisoma hapo unamchukia kidogo. Mimi nilimchukia.

Ila hakuachana naye. Mwaka uliofuata tayari anamwandikia Belshazzar, na safari hii ni Handel anayesubiri. Sehemu ya kwanza imefika, ya pili iko wapi, ya tatu lini? Mzee anaandika kwa adabu, anasifia, anabembeleza. Alipoipata yote akaona ni ndefu mno. Oktoba 1744 alimwandikia kwamba amekwishapunguza muziki mwingi ili ayaokoe mashairi, lakini hata hivyo ikipigwa yote itapita saa 4. Basi akakata. Jennens akakubali ikatwe jukwaani, ila kwenye kijitabu akataka maneno yote yachapishwe, hata yale ambayo hayataimbwa. Msikilizaji wa Machi 1745 alikaa pale akasoma mistari ambayo hakuna koo lililoifungua. Waandishi wenzangu, mnacheka, lakini nani kati yetu hana ukurasa ambao mhariri aliukata na bado tumeuhifadhi?

Sasa tufike Gopsall. Baba yake Jennens alifariki mwaka 1747 na nyumba ikawa yake. Akaanza kuibomoa na kuijenga upya kwa fahari kubwa, kiasi kwamba majirani walimsema kwa kujikweza kama sultani. Nyumba ya namna hiyo ilihitaji muziki ndani. Na yule bwana ambaye miaka 11 nyuma alikejeli kinanda cha pauni 500 kama funza wa kichwani, sasa naye akapata funza wake.

Alimwomba Handel ushauri. Jibu liliandikwa London tarehe 30 Septemba 1749, na limehifadhiwa. Halina majivuno wala maumivu ya zamani. Ni barua ya fundi kwa rafiki, iliyojaa mambo ya kazi, na kwangu mimi ndiyo barua nzuri kuliko zote walizopelekeana.

Ili kuielewa inabidi tujue kidogo chombo chenyewe, maana vinanda vya kwaya zetu vingi ni vya umeme, na umeme ukikatika mnabaki na midomo yenu. Kinanda cha mabomba ni filimbi nyingi zilizosimamishwa juu ya sanduku la upepo. Mvukuto, ndugu yake ule wa mhunzi, unasukuma upepo sandukuni, na mtu lazima auvukute muda wote muziki unapoendelea. Ukibonyeza kibao, ufito mwembamba wa mbao unavutwa, nao unafungua kilango chini ya bomba, upepo unapanda, bomba linalia. Ukiachia, kilango kinajifunga. Hakuna waya wala umeme. Kidole chako kimeunganishwa na kilango kwa mti, kama mkono na ndoo ya kisima kwa kamba, na wapigaji wanasema unausikia upepo ukifunguka chini ya ncha ya kidole.

Mabomba hupangwa kwa safu, kila safu na rangi yake ya sauti. Ubao wenye matundu hupita chini ya kila safu. Ukivuta kishikio pembeni, matundu yanalingana na miguu ya mabomba na safu hiyo inakuwa tayari kulia. Ukirudisha, inanyamaza. Unaweza kutumia safu moja, au tatu, au zote.

Handel alitaja safu 7. Ya kwanza, mabomba wazi ya madini tupu, yakae mbele yaonekane. Hii ndiyo sauti mama ya kinanda. Ya pili ina kimo kilekile cha sauti lakini mabomba yake yamezibwa juu. Ni ujanja wa kale: bomba lililozibwa hutoa sauti ya chini sawa na bomba wazi lenye urefu mara mbili. Bomba wazi la do ya chini kwenye safu kama hizi hukaribia mita 2 na nusu, na ukilifikiria hilo ndani ya chumba cha nyumba utaona faida ya kuziba. Tena akaeleza kwamba sauti za juu za safu hii ziwe za madini na za chini ziwe za mbao. Mbao hutoa sauti nene na tulivu, isiyopigana na mazungumzo.

Zinazofuata nitazieleza kwa sol-fa kwa ajili ya wanakwaya. Bonyeza do. Safu ya tatu inalia do ya juu yake. Safu ya nne inalia so iliyo juu zaidi. Ya tano inalia do nyingine, ya juu ya ile. Ya sita inalia mi, juu kabisa. Yaani kidole kimoja kimebonyeza do moja, na ndani ya sanduku do, so na mi zinalia kwa pamoja. Utadhani itakuwa fujo. Hapana, kwa sababu kila sauti ya kawaida, ya kamba au ya koo, tayari imebeba ndani yake hizo so na mi kwa mbali. Safu hizi zinazitilia nguvu tu, na sikio linasikia do moja yenye kung'aa. Ya saba ni filimbi, laini, na Handel akasema iwe kama ile iliyo kwenye kinanda cha Freeman. Inaonyesha kwamba mabwana hawa walitembeleana, wakapiga vinanda vya wenzao na kukumbuka safu ipi ilikuwa tamu.

Kisha kuna alichokikataza, na hapo ndipo pananikamata kila mara. Asitie, anasema, safu yoyote ya mabomba yenye ulimi. Hayo hayalii kama filimbi, yanalia kama zumari, kwa ulimi unaotetemeka ndani, na ndiyo yanayotoa sauti za tarumbeta zinazowatoa watu jasho. Handel aliyapenda kama mtu yeyote. Lakini yanahitaji kurekebishwa sauti kila wakati, na huko shamba nani atarekebisha? Yatakaa bure, hayatumiki, na gharama yake itakuwa kubwa, ingawa, anaongeza kwa heshima, gharama pengine si jambo linalokusumbua wewe.

Angalia vizuri alichofanya mzee. Angeweza kumshauri tajiri yule aweke kila kitu. Fedha zilikuwepo, na tayari nusu ya Uingereza ilikuwa inamcheka Jennens kwa kupenda makuu. Badala yake akafikiri matope ya njia za Leicestershire, fundi yuko London, baridi inapanda na kushuka, na rafiki yake, mwepesi wa hasira, amekaa peke yake sebuleni na tarumbeta iliyotoka kwenye sauti. Akamkinga. Hakuna neno la msamaha katika barua ile na hakuna aliyeomba msamaha. Kuna orodha ya mabomba 7.

Handel alimpendekezea pia fundi, Bridge, aliyekuwa na sifa kubwa London. Hata hivyo kinanda kinachojulikana leo kuwa ndicho hicho kinahesabiwa kuwa kazi ya fundi mwingine, Thomas Parker. Hata hapo Jennens ni Jennens, anaomba ushauri halafu anafanya lake.

Miaka ya mwisho nitaipitia haraka. Mwaka 1756 Jennens alimwita mchoraji Thomas Hudson amchore Handel, picha kubwa, mzee amekaa na koti lake la nakshi. Picha hiyo siku hizi iko katika jumba la taifa la picha za watu mashuhuri London. Wakati anachorwa Handel alikuwa amekwisha pofuka. Agosti 1757 aliongeza maneno kwenye wasia wake. Kinanda chake kikubwa kilichokuwa katika jumba la Covent Garden alimwachia John Rich, mwenye jumba. Nakala safi ya Messiah aliiachia hospitali ya watoto waliotupwa. Na Charles Jennens alimwachia picha mbili za mchoraji Denner, moja kichwa cha mzee mwanamume na moja kichwa cha mzee mwanamke. Sijui wewe, mimi naona mzaha mtamu humo, wazee wawili wakitazamana ukutani. Handel akafariki tarehe 14 Aprili 1759.

Jennens aliishi miaka 14 zaidi na haikumwendea vizuri. Alipokuwa na miaka 70 alijitosa kuhariri tamthilia za Shakespeare, moja moja, akianza na King Lear mwaka 1770. Alifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida: chini ya kila ukurasa aliweka jinsi machapisho ya zamani yalivyotofautiana, neno kwa neno, msomaji ahukumu mwenyewe. Waliokuwa na Shakespeare wao sokoni wakamrarua. Walimcheka fahari yake, watumishi wake, gari lake, kila kitu isipokuwa kazi yenyewe. Ukazushwa hata uvumi kwamba maneno ya Messiah hakuyapanga yeye, eti yalipangwa na karani wake. Barua zake mwenyewe zinatosha kuuzika uvumi huo, lakini uvumi ulitembea miaka mingi kuliko barua. Alifariki Novemba 1773.

Hapa ndipo tunamhitaji yule kijana wa barua ya funza. Lodi Guernsey alikuwa ameshakuwa Lodi wa Aylesford, wa tatu kwa cheo hicho. Nota zote alizonakilisha Jennens zilikwenda kwake, na kinanda nacho kikaishia kwa ukoo huo. Mwanawe, Lodi wa nne, alijenga kanisa dogo la Mtakatifu James ndani ya shamba lao la Great Packington, huko Warwickshire, kati ya 1789 na 1790, akamtumia msanifu Mwitaliano Joseph Bonomi. Ni jengo la ajabu la matofali, limekaa kama bafu la Warumi kuliko kanisa la shamba la Kiingereza. Humo ndimo kinanda cha sebuleni kilipowekwa.

Na sasa linganisha. Jumba la Covent Garden liliungua Septemba 1808, na kinanda kikubwa cha Handel, kile alichomwachia Rich, kikaungua nalo. Nota za Jennens ziliuzwa na warithi, nyingi kuanzia mwaka 1918. Sehemu kubwa iko katika maktaba ya muziki ya Manchester. Nyumba ya Gopsall, pamoja na kumbi zake zote zilizosemwa na majirani, ilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kinanda kidogo, kisicho na tarumbeta, hakikubomolewa wala kuungua. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 mpigaji mashuhuri wa Marekani, E. Power Biggs, alikwenda Great Packington na waongozaji wa mitambo, na okestra ya London Philharmonic chini ya Adrian Boult ikabanana naye ndani ya kanisa lile, wakarekodi tamasha za kinanda za Handel. Okestra nzima ilimfuata Jennens alipo.

Ukipata rekodi hizo, sikiliza jinsi sauti inavyoanza. Kila noti ina kitu kama kukohoa kidogo mwanzoni, upepo unagonga mdomo wa bomba, halafu inasimama.

Jambo moja limebaki. Handel alitunga pia tuni chache za nyimbo za kanisa, na moja yao imeimbwa kila Jumapili mahali fulani duniani tangu ilipopatikana. Vitabu vya nyimbo vya Kiingereza vina desturi ya kuipa kila tuni jina, kwa maandishi madogo juu ya nota. Juu ya hiyo, upande mmoja limeandikwa jina la Handel, upande wa pili la Charles Wesley aliyetunga beti, na katikati jina la tuni: Gopsal.